KABONGA: GARI KUUKUU LINAPOKATAA KUWAKA

Atokaye Bujumbura kwenda kusini kwa Barabara ya Taifa Namba 3 hana haja ya ramani. Ziwa Tanganyika huwa mkono wake wa kulia na milima mkono wake wa kushoto, tangu aagapo mji hadi nchi ya Burundi inapokwisha. Hupita Mugere, penye jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe ya 25 Novemba 1871. Hupita Gitaza, mahali ambapo mlima umewahi kuporomoka na kuifunga njia. Baada ya kilomita 70 hivi huingia Rumonge, mji wa mawese, sabuni na samaki. Kisha huupita msitu mdogo wa Kigwena, na kilomita nyingine 50 hivi humfikisha Nyanza-Lac. Kusini zaidi, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, ndipo ilipo Kabonga.

Hadi mwaka 2025 sehemu hiyo ilihesabiwa katika Mkoa wa Makamba. Mwaka huo Burundi ilipunguza mikoa yake kutoka 18 hadi 5, na Nyanza-Lac pamoja na Rumonge zikaingizwa katika mkoa mpya wa Burunga. Mwaloni hakukubadilika kitu. Wavuvi huendelea kushinda usiku wa giza ziwani wakiwasha taa ili kuwavuta ndagala, ambao watu wa Kigoma huwaita dagaa, na alfajiri hurejea nao pamoja na mukeke, yule yule ambaye Kigoma hujulikana kwa jina la mgebuka. Kirundi ndicho kilugha cha nyumbani, lakini sokoni Kiswahili husikika kila upande, kwa kuwa ng'ambo ya pili ya mpaka ni kijiji cha Kagunga, na watu wa pwani hii wameoleana na kufanya biashara tangu zamani.

Kiswahili hicho kina ladha yake. Dereva wa Kigoma akisema petroli, fundi wa Kabonga husema esanse; dizeli kwake ni mazutu, na plagi ni buji. Wazee hujumlisha yote kwa neno moja la Kirundi, igitoro. Mgeni mwenye gari bovu hana budi kuyajua maneno hayo mapema, maana ndiyo atakayoulizwa.

Na magari mabovu hayakosekani. Mengi yafikayo mwisho huu wa barabara ni yale ambayo miji mikubwa imekwisha kuyachoka. Mojawapo, ambalo bado huonekana katika nchi nyingi za Afrika, ni pikapu ya Peugeot 504. Aina hiyo ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968. Kaka yake, 404, alishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 yenyewe ikashinda mwaka 1975 na 1978. Sifa hizo ni za kale, naam, lakini injini ni ile ile: silinda nne, kabureta, distribyuta yenye pointi, na hakuna kompyuta hata moja. Ugonjwa wake waweza kutafutwa kwa macho, masikio, pua na bisibisi.

Yafaa kueleza kwanza kwa nini ugonjwa huo ni jambo zito hapo. Mukeke mbichi hausubiri. Jua likipanda bila barafu, mali ya usiku mzima hushuka bei kila saa, na mchana huwa haina mnunuzi. Tena gari lile lile libebalo samaki ndilo libebalo mgonjwa. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku, au mtoto mwenye homa kali, hospitali yake ni Nyanza-Lac, na si kila nyumba ina mtu wa kumpigia simu aje na gari zima. Hivyo pikapu moja ikikataa kuwaka alfajiri, wanaoingiwa na wasiwasi si dereva peke yake.

KUULIZA KABLA YA KUSHIKA

Picha ya kawaida ni hii. Makreti ya samaki yamekwisha pakiwa, mama mmoja amekaa mbele na mtoto mgonjwa mapajani, na dereva anapiga stata. Injini inazunguka, inakohoa mara moja, inanyamaza. Anapiga tena, kwa muda mrefu zaidi. Anapiga mara ya tatu, na sasa mlio umeanza kuwa mzito. Vijana wamekusanyika, kila mmoja na dawa yake: huyu asema betri, huyu asema koili, yule ameshachukua nyundo.

Hapo ndipo fundi mzuri na fundi wa kubahatisha hutengana. Wa kubahatisha hufungua kitu. Mzuri humwambia dereva, "Kaka, toa mkono kwenye ufunguo," kisha huuliza: jana lilizimika vipi? Swali hilo ni nusu ya kazi. Gari lililokata ghafla, kama taa iliyopulizwa, kwa kawaida limepoteza umeme. Lililokwenda kwa kukwama-kwama, likipoteza nguvu mlimani kabla ya kuzimika, limekosa mafuta. Lililolala zima na kuamka limekufa limepatwa na jambo usiku, na karibu na ziwa jambo la usiku mara nyingi ni unyevu. Swali la pili ni hili: mafuta ya mwisho yalitoka wapi?

Kukataza stata mfululizo nako kuna maana. Stata hula umeme kuliko kitu chochote kingine garini. Betri ya volti 12 iliyojaa hupima volti 12.6 hivi, ikishuka chini ya 12 imekwisha choka, na kila jaribio la papara hula akiba ambayo itahitajika baadaye wakati kosa litakapokuwa limepatikana. Madereva wa vikosi hufundishwa kupiga sekunde chache, kupumzisha, kisha kupiga tena. Raia wengi hujifunza hilo betri ikiwa imeshakufa.

Iwapo stata haizungushi kabisa, au hutoa tiki-tiki tu, taa za mbele huwashwa kisha stata ikapigwa. Taa zikififia hadi kukaribia kuzimika, ama betri ni dhaifu ama umeme haupiti vizuri kwenye vichwa vyake. Katika hewa ya ziwa vichwa hivyo huota unga mweupe au wa kijani. Maji ya moto na brashi huutoa, na vichwa vikikwanguliwa na kukazwa upya gari lililohukumiwa kifo huamka mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi nao usisahauliwe. Ukilegea, fundi aweza kubadilisha nusu ya gari bila faida.

Gari la kabureta laweza pia kusukumwa, gia ya pili ikiwa ndani na mguu ukiwa kwenye klachi mpaka likimbie. Lakini betri iliyokufa kabisa haiwezi kulisha koili, na bila koili hata watu ishirini watasukuma bure. Watoto waondolewe nyuma na mbele ya gari kwanza.

CHECHE

Pikapu hii ya alfajiri ilikuwa inazungushwa vizuri na stata, kwa hiyo betri haikuwa na hatia. Injini ya petroli huhitaji mambo matatu: cheche kwa wakati wake, mchanganyiko wa mafuta na hewa, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Fundi huanza na cheche kwa sababu ndiyo iliyo rahisi kuonekana. Plagi moja hufunguliwa, hurudishwa kwenye waya wake, hulazwa juu ya chuma cha injini, mbali na mafuta yoyote yaliyomwagika, na mtu hupiga stata kidogo. Cheche ya buluu yenye mlio mkavu ni nzuri. Ya njano, nyembamba, ni dhaifu. Isipoonekana kabisa, msako hurudi nyuma hatua kwa hatua: waya wa plagi, kifuniko cha distribyuta, rota, koili, pointi.

Kifuniko hufunguliwa na kutazamwa ndani. Usiku wa baridi baada ya mchana wa joto huacha matone madogo humo, na umeme hupita juu ya maji badala ya kwenda kwenye plagi. Kitambaa kikavu chatosha. Ufa mwembamba uliochorwa mstari mweusi ni kosa jingine, na huo hauponi kwa kufutwa. Katika Peugeot za aina hii kuna jambo la ziada: plagi zimezama ndani ya visima virefu juu ya injini, na maji au oili ikikusanyika humo, cheche hupotea njiani huku kila kitu kikionekana kizima.

Pointi ni vipande viwili vidogo vya chuma vinavyoachana na kukutana, na kila vinapoachana koili hutoa cheche. Vikipata kutu au kuungua, umeme hukatika. Husafishwa kwa msasa laini, kisha nafasi kati yake hupimwa. Kwa magari mengi ya zama hizo ni milimita 0.4 hivi. Asiye na kipimo hutumia kipande cha kadi ngumu, na gari humfikisha mjini. Pointi zinazoungua tena baada ya siku chache zinashitaki kondensa, kile kikopo kidogo kando yake, ambacho bei yake ni ndogo na lawama yake huwaangukia wengine.

Jambo moja zaidi huonekana plagi inapotolewa, nalo lina thamani kubwa. Plagi iliyolowa petroli husema kwamba mafuta yamefika lakini moto haukuyapokea. Plagi kavu baada ya stata kupigwa mara nyingi husema kwamba mafuta hayakufika. Ya pikapu hii ilikuwa imelowa, na cheche yake ilikuwa buluu safi. Vijana walikwisha anza kuitukana koili. Fundi aliinusa ile plagi, akaifikisha kwenye mwanga, akaona kwamba umajimaji wake haukauki upesi kama petroli ipasavyo.

ESANSE YA DUMU

Tangu mwaka 2022 hivi Burundi imepita katika uhaba mzito wa mafuta, kwa sababu kuu ya upungufu wa fedha za kigeni za kuyanunulia. Foleni za vituoni zimekuwa za siku nzima, na mara nyingine za siku kadhaa. Pwani ya kusini, palipo na mpaka na maji, matokeo yake yanajulikana: madumu. Mafuta huvuka kwa mitumbwi na kwa mabega, huuzwa kwa chupa za maji ya kunywa, na hupitia mikono mingi. Hiyo ni magendo, na polisi wa nchi zote mbili wanayo kazi ya kuizuia. Ila gari halijui sheria. Linajua tu kilichomo tangini.

Na kilichomo aghalabu si petroli peke yake. Dumu lililosafiri chini ya mtumbwi huingia maji. Muuzaji asiye mwaminifu huongeza mafuta ya taa ili lijae. Kupima ni rahisi, na kila mwenye gari au pikipiki aweza kufanya nyumbani. Mafuta kidogo hutiwa katika chupa nyeupe na kuachwa yatulie: maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hushuka chini na kuonekana kama tabaka la pili. Tone likidondoshwa juu ya karatasi nyeupe na kuachwa likauke, petroli safi huondoka upesi bila kuacha alama ya maana. Iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la grisi lisilotaka kukauka.

Kina mama wana haki ya kusema katika jambo hili, kwa sababu mara nyingi dumu hulala ndani ya nyumba. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa au kibatari kilicho chumba kingine, na moto hurudi kwa njia ile ile. Dumu na likae nje, kivulini, limefungwa vizuri, mbali na watoto. Wala mpira wa kuvutia mafuta usivutwe kwa mdomo. Petroli ikiingia mapafuni humwua mtu.

Fundi alifungua mpira unaoleta mafuta kwenye kabureta, akautumbukiza kwenye chupa, akaomba stata ipigwe kidogo. Mafuta yalitoka kwa mapigo, kama ipasavyo, kwa hiyo pampu ilikuwa nzima. Yasingalitoka, angalifungua kwanza kifuniko cha tangi, kwani tundu lake la hewa likiziba tangi hushika pumzi na pampu huvuta bure. Na mlio wa hewa ikiingia kwa kishindo huwa ndio jibu. Baada ya hapo angalitazama filta, mpira uliopasuka, na ngozi ya ndani ya pampu.

Chupa iliwekwa juu ya ukuta. Katika dakika chache tabaka mbili zikajitenga, na ya chini ilikuwa nene kama vidole viwili.

Kazi iliyobaki haikuwa ya akili, ilikuwa ya subira. Tangi lilifunguliwa tundu lake la chini na maji yakatolewa mpaka ikaja petroli tupu. Bakuli la kabureta lilifunguliwa na kufutwa. Jeti, yale matundu madogo yanayopima mafuta, yalipulizwa kwa pampu ya baiskeli. Kijana mmoja alileta waya mwembamba ili ayachokonoe akakatazwa: waya huyapanua, na gari hula mafuta kupita kiasi tangu siku hiyo. Mwingine alitaka kumimina petroli mdomoni mwa kabureta "ili limeze." Naye akasogezwa kando, maana injini ikipiga kinyume, moto hutokea hapo hapo alipoinamisha uso.

Liko kosa la tatu ambalo siku hiyo halikuhusika: mgandamizo. Stata ikizungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, kidole gumba huwekwa juu ya tundu la plagi. Kisiposukumwa kwa nguvu, valvu au ringi zimekufa, na hiyo ni kazi ya gereji. Vilevile gari lililozama majini lisipigwe stata kamwe. Kati ya mwaka 2020 na 2024 ziwa lilipanda hadi kuingia mitaani Rumonge, na yaliyokuwa yameegeshwa chini yaliingia maji. Maji hayagandamiziki, pistoni ikikutana nayo, mkono wake hupinda. Plagi zote hutolewa kwanza, maji yakatoka, oili ikabadilishwa.

Injini iliyozama na kufufuka si hadithi ngeni katika ziwa hili. Meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ilisafirishwa vipande vipande hadi Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma waliizamisha wenyewe, lakini mafundi wao walizipaka mashine zake grisi nene kabla ya kuiachia maji. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Mwezi Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi walipokimbilia Kagunga, mahali ambapo wakati huo hapakuwa na barabara ya gari, ni meli hiyo hiyo iliyowavusha kwenda Kigoma, kundi baada ya kundi. Wengi wao walifika Kagunga kwa kuupita mpaka ulio karibu na Kabonga.

Pikapu ilirudishiwa plagi zake zikiwa kavu. Dereva alivuta choki, akapiga stata sekunde tatu, akaacha. Akapiga tena. Injini ilishika kwa silinda mbili, ikatikisa gari zima, ikaokota ya tatu, kisha ya nne, na moshi mweupe wa maji yaliyosalia ukatoka nyuma. Makreti yakafungwa kamba upya. Yule mama hakuwa ameshuka muda wote huo. Fundi alimwambia dereva asizime mpaka Nyanza-Lac, na akifika hospitali aegeshe mteremkoni.

Gari lilipokwisha kuondoka, aliichukua ile chupa kutoka ukutani. Petroli ya juu aliimimina polepole katika kopo la kuoshea plagi, na maji yaliyobaki akayamwaga mchangani, mbali na jiko la muuza kahawa.